Koleo, Gando na Kishikio: Historia ya Chombo Kilichotafuta Jina

Miongoni mwa kazi za dawati la istilahi ni kupokea wageni wanaotafuta maneno. Wengi huja na orodha. Wachache huja na kitu chenyewe. Wanafunzi sita wa uhandisi, wanne wa kiume na wawili wa kike, walitujia na vyote viwili. Orodha yao ilikuwa na maneno 43 ya Kiingereza, na ndani ya kasha la kadibodi mlikuwa na chombo cha plastiki na bati chenye vidole viwili, kikiendeshwa na mota ndogo. Walikuwa wamepewa zoezi la kubuni na kuunda mkono wa mashine utakaookota maembe katika sinia, moja baada ya jingine, na kuyapanga sandukuni bila kuyachubua. Ripoti ya chuo waliiandika kwa Kiingereza kama walivyotakiwa. Maelezo ya matumizi, ambayo yangesomwa na watu wa kufungasha matunda, walitaka yawe ya Kiswahili.

Walipouliza jina la kile chombo cha mwisho wa mkono, chenye kukamata embe, tuliwajibu papo hapo: kishikio. Tulijiona tumefanya kazi safi. Kitenzi ni shika, kiambishi ni ki-, tamati ni -io, kama tulivyo na kichujio na kipimio. Neno lilikuwa fupi, la Kibantu, tena lenye kufuata kanuni. Wageni wetu walishukuru, wakaenda zao.

Baada ya majuma machache walirudi. Mmoja wao alikuwa amefungwa kitambaa katika kidole cha shahada. Katika maelezo yao waliandika kwamba mtumiaji ashike kishikio kwa mkono wa kulia kabla ya kuwasha mota, wakikusudia mpini wa kusukumia mashine, ambao kila mtu nchini huuita kishikio, kama cha mlango, cha birika au cha sanduku. Kurasa mbili mbele, kishikio kilikuwa ni kile chenye kukamata embe. Mwenzao, akiyajaribu maelezo hayo kama mtu asiyeijua mashine, alitia mkono palipo na vidole, na mota ikawashwa. Jeraha halikuwa kubwa, kwa kuwa mota yenyewe ilikuwa ndogo. Lakini kosa lilikuwa letu, si la mkono wake.

Basi tumeona yatupasa kufanya sasa kazi ambayo tulipaswa kuifanya kwanza, yaani kuuliza chombo hiki kimetoka wapi, kimepitia mikono ya nani, na lugha yetu ina nini ghalani mwake kabla ya kwenda kuunda jipya.

Kazi ya kwanza: kushika kisichoshikika

Mikono ya mashine haikubuniwa kwa ajili ya uvivu. Ilibuniwa kwa ajili ya vitu ambavyo mkono wa mtu haustahimili kuvigusa. Miaka ya mwisho ya 1940, katika maabara ya Argonne karibu na Chicago, mhandisi Raymond Goertz aliunda jozi za mikono kwa ajili ya kazi za mionzi ya nyuklia. Mtu alisimama upande mmja wa ukuta mnene wa kinga, akashika mkono mmoja. Upande wa pili, mkono wa chuma ukafuata kila alilofanya. Hapo mwanzo mwendo ulipitishwa kwa nyaya na kapi; kufikia mwaka 1954 Goertz alikuwa ameonyesha mikono iliyoendeshwa kwa umeme. Ubongo ulibaki kuwa wa mtu. Kilichoongezwa kilikuwa urefu na usalama.

Mwaka huohuo wa 1954, George Devol, Mmarekani, aliomba hataza ya mashine ya kuhamisha vitu kwa kufuata maagizo yaliyohifadhiwa ndani yake. Hataza ilitolewa mwaka 1961. Akishirikiana na Joseph Engelberger, wazo hilo lilizaa Unimate, na mwaka 1961 mashine ya namna hiyo iliwekwa katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey. Kazi yake ilikuwa nini? Kutoa vipande vya chuma vya moto katika mashine ya kusubu.

Msomaji aliyewahi kusimama mbele ya mivukuto ya mhunzi hatahitaji maelezo zaidi. Kazi ya kwanza ya roboti ya kiwandani ilikuwa kazi ya koleo. Mhunzi wa Kipare, Kifipa au Kizinza amekuwa akitoa chuma chekundu motoni na kukilaza juu ya fuawe kwa koleo tangu kabla ya kuwapo kiwanda chochote cha New Jersey. Tofauti ni kwamba koleo la mhunzi lina mtu nyuma yake, na lile la Devol lilikuwa na pipa la sumaku lililohifadhi maagizo.

Wanafunzi mezani

Tangu hapo historia ya chombo hiki imeandikwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi, nalo ni jambo la kuwatia moyo wale sita.

Mwaka 1961, Heinrich Ernst aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika chuo cha MIT, Marekani, chini ya usimamizi wa Claude Shannon. Alichukua mkono wa aina ile ya kazi za nyuklia, akauunganisha na kompyuta iliyoitwa TX-0, akautia vipokezi vya mguso. Chombo chake, MH-1, hakikuwa na macho. Kilipapasa meza, kikatafuta kasha, kikatafuta vipande vya mbao, kikavitia kashani. Iwapo kidole kiligusa kitu pasipotarajiwa, programu ilibadili mwendo. Hapo mkono uliacha kuwa koleo tu, ukaanza kuwa na kiganja chenye kuhisi.

Upande mwingine wa dunia, huko Belgrade katika iliyokuwa Yugoslavia, Rajko Tomović na mwenzake Boni waliandika mwaka 1962 juu ya mkono wa bandia uliojirekebisha kufuatana na umbo la kitu ulichokigusa. Lengo lao lilikuwa watu waliopoteza mikono. Ni vyema tukumbuke kwamba chombo hiki kina wazazi wawili: kiwanda na hospitali.

Mwaka 1969, Victor Scheinman, akiwa mwanafunzi wa uhandisi mitambo katika Chuo Kikuu cha Stanford, alisanifu mkono wa umeme wenye viungo sita, uliotengenezwa tangu mwanzo ili utawaliwe na kompyuta. Mwisho wa mkono huo palikuwa na taya mbili zilizokwenda sambamba, zikikaribiana na kuachana. Umbo hilo la taya mbili ndilo lililoenea zaidi viwandani, na ndilo walilolichagua wanafunzi wetu.

Mwaka 1978, Shigeo Hirose na Yoji Umetani wa Tokyo walitangaza chombo cha namna tofauti kabisa. Kila kidole kilikuwa mnyororo wa vipande vifupi vingi, na katika kila kiungo mlikuwa na roda. Uzi mmoja ulikaza, uzi wa pili ukalegeza. Kwa kuwa roda hizo zilipungua ukubwa kwa kadiri maalumu kuelekea nchani, kidole kilikikumbatia kitu kwa mgandamizo uliolingana toka shinani hadi nchani, kiwe ni cha duara au cha pembe. Hakukuwa na haja ya mota katika kila kiungo. Miaka minne baadaye, 1982, Kenneth Salisbury alikamilisha huko Stanford tasnifu iliyotoa mkono wa vidole vitatu, kila kidole na viungo vitatu, ukivutwa kwa nyaya kama vile kano zinavyovuta vidole vyetu kutoka katika kigasha.

Hali kadhalika, kazi hii ilihama kutoka kwa mwanafunzi mmoja na tasnifu yake, ikaenda kwa makundi. Katika miaka ya 1970, mwalimu Woodie Flowers wa MIT alilijenga somo la usanifu katika mtindo wa mashindano: kila mwanafunzi alipewa mfuko wa vikorokoro vilevile, akatakiwa aunde mashine ya kushindana na ya mwenzake. Japani, mashindano ya roboti ya vyuo vya ufundi yaliyoendeshwa na shirika la utangazaji NHK yalianza mwaka 1988. Marekani, mashindano ya FIRST ya shule za sekondari yalifanyika mara ya kwanza mwaka 1992 katika jimbo la New Hampshire, yakiwa na makundi 28. Katika mashindano hayo, mara nyingi kundi lisiloweza kukamata kitu hupata shida kufunga alama; kwa hiyo vijana wengi wamelianza somo la umekanika kwa kuunda taya mbili.

Mwaka 2010 palitokea jambo lililoiweka istilahi mashakani. Watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Chicago, pamoja na kampuni ya iRobot, walitangaza chombo cha kukamata kisicho na kidole hata kimoja. Kilikuwa puto la mpira lililojazwa kahawa iliyosagwa. Puto huwekwa juu ya kitu likiwa laini, nalo likajinyonga na umbo lake. Kisha hewa hutolewa, punje za kahawa zikabanana zikawa ngumu kama jiwe, na kitu kikashikwa. Hewa ikirudishwa, puto hulegea na kukiachia. Mwaka 2013 Raymond Ma, Lael Odhner na Aaron Dollar wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa kwa umma michoro ya mkono ambao sehemu zake huchapwa kwa plastiki katika mashine ya mezani, ili kundi lolote la wanafunzi liweze kuunakili na kuurekebisha. Wanafunzi wetu sita walianzia kwenye michoro ya namna hiyo.

Ghala la maneno

Sasa tutazame lugha. Mara nyingi tunalalamika kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi, ilhali hatujaenda kuwauliza mafundi. Tulipokwenda tuliyakuta yafuatayo.

Koleo lipo, nalo ni la mhunzi. Lakini tangu zamani neno hilo limepata kazi ya pili: katika ujenzi na kilimo, koleo ni kile chombo cha kuchotea mchanga, ambacho wengine hukiita chepe, beleshi au sepetu. Mtu akiambiwa kwamba mashine ina koleo mbele, huenda akawaza tingatinga. Aidha, fundi wa umeme naye huliita koleo kile cha kukatia na kubania nyaya. Neno limechoka kwa kubebeshwa.

Jiliwa lipo, nalo hukaa juu ya meza ya seremala na ya fundi chuma. Hubana kwa parafujo, tena hubana lisisogee. Chombo cha wanafunzi kinasogea, na heshima yake yote imo katika kujua wakati wa kuachia. Kibano kipo, lakini ni kidogo, cha vidole viwili vya mtu, kama kile cha kung'olea mwiba.

Mabaharia nao wametuwekea akiba. Kapi, roda na abedari ni maneno ya jahazi, ya kupandishia foromali na tanga. Kidole cha Hirose chenye roda na nyuzi zake kingeelezwa kwa nahodha wa Lamu au Mafia kwa dakika tano. Na wenzo, ambao leo ni istilahi ya fizikia mashuleni, ulikuwa gogo au mti wa kusogezea kitu kizito, kama chombo kinaposhushwa majini. Mwanafunzi anayedhani kwamba wenzo ulizaliwa na kamati hajui kwamba kamati iliuokota ufukweni.

Huko huko ufukweni liko neno la mwisho, nalo ni gando. Gando ni ile sehemu ya kaa yenye taya mbili ambayo kwayo hukamata, hushikilia na huachia. Taya moja hutulia na nyingine husogea. Halina kazi nyingine katika lugha. Halichoti mchanga wala halikati waya. Na hakuna mtoto wa pwani anayehitaji kuonywa asitie kidole kati ya taya za gando.

Hesabu ya embe

Kabla ya kuchagua, tuliwaomba wale wanafunzi watueleze kazi yao hatua kwa hatua, kwa maana istilahi isiyojua kazi huishia kama ilivyoishia ya kwanza.

Walianza na masharti: uzito wa embe, ukubwa wake, na ulaini wake. Kisha walichora. Kisha wakaunda mfano wa kwanza kwa kadibodi na misumari ya kubonyezea, ili waone viungo vinavyopishana. Wa pili ulikuwa wa mbao nyembamba. Wa tatu ndio uliokuwa wa plastiki na bati. Walisema kwamba mfano wa kadibodi, uliogharimu karibu bure, uliwafundisha zaidi ya ule wa tatu, kwa kuwa hawakuona uchungu kuukata.

Hesabu yao ilikuwa hivi. Embe la gramu 400 huvutwa chini kwa kani ya nyutoni 4 hivi. Taya mbili hazilibebi embe kwa chini. Hulibana kwa ubavuni, na kinachozuia lisianguke ni msuguano. Ikiwa kizio cha msuguano kati ya plastiki na ganda la embe ni 0.2, kila taya haina budi kubana kwa nyutoni 10, kwani mbili mara 0.2 mara 10 ni 4. Kwa tahadhari, mkono ukisogea kwa ghafla, waliiongeza mara mbili, ikawa 20. Embe bivu lilibonyea. Ndipo mmoja wao alipokata soli ya kandambili kuukuu, akaigundisha ndani ya taya. Kwa makadirio yao kizio kilipanda kufika 0.5, basi kani iliyotakiwa ikashuka hadi nyutoni 4 kwa kila taya, na 8 pamoja na tahadhari. Tena mpira ule ulikubali umbo la tunda, kani ikatawanyika katika eneo kubwa zaidi. Embe likatoka salama.

Katika maelezo hayo tuliona jambo ambalo kamusi zetu hazijalisema waziwazi. Wanafunzi walitofautisha kubana na kushika bila ya kufundishwa na yeyote. Kubana kwao ni kani. Kushika ni matokeo. Chombo kizuri, walisema, ni kile kinachoshika sana na kubana kidogo. Kwa hiyo tunapendekeza mbano kwa ile kani ya taya, na mshiko kwa ile hali ya kitu kushikwa kisianguke. Puto la kahawa ni ushahidi: mbano wake ni mdogo, mshiko wake ni mkubwa.

Pendekezo

Kwa jina la jumla la vyombo vyote vya namna hii, viwe vya taya, vya vidole vingi au vya puto, tunapendekeza kikamatio. Kanuni yake ni ileile ya kishikio, wala kanuni haikuwa na kosa. Kosa letu lilikuwa kulitwaa neno lenye mwenyewe. Tamati -io hutaja chombo cha kutendea na pia mahali pa kutendea: kichujio huchuja, bali kikalio hukaliwa. Wasemaji walikwisha kuamua zamani kwamba kishikio hushikwa. Haikuwa haki yetu kuwageuzia neno mikononi mwao, na mtu aliumia kwa sababu hiyo.

Kwa kikamatio cha taya mbili, ambacho ndicho kilicho kingi, tunapendekeza gando. Hapa hatuna budi kuungama kwamba neno hili hatukulivumbua. Tulipowauliza wanafunzi wale walikiitaje chombo chao wakati wa kazi, kabla ya kuja kwetu, walitazamana wakacheka. Karakanani walikuwa wakikiita gando tangu mfano wa kadibodi. Hawakuliandika katika orodha yao ya maneno 43 kwa sababu walidhani kwamba neno la mzaha haliwezi kuwa istilahi, na kwamba ofisi ingewapa lililo bora zaidi.

Jambo hilo limetusumbua kuliko kile kidole. Ikiwa vijana wanaojua kazi yao huliacha mlangoni neno lililo sahihi, wakaingia kwetu kuomba lisilo sahihi, basi namna yetu ya kuwapokea ina kasoro. Tangu siku hiyo tumeanza kuuliza swali moja kabla ya kuitazama orodha yoyote: ninyi wenyewe mnakiitaje? Tunawaomba wasomaji, hususan wahunzi, mabaharia na mafundi wa karakana, watuandikie majibu yao ya swali hilo kwa vyombo walivyo navyo, hata kama majibu hayo huwachekesha.

Mapendekezo haya matatu, yaani kikamatio, gando, na jozi ya mbano na mshiko, yanangoja mjadala, na huenda yakakataliwa kwa hoja zilizo bora kuliko zetu. Wakati huo huo, maelezo ya matumizi yamekwisha kusahihishwa. Kishikio kimerudishwa kwa mpini. Na juu ya bati la ile mashine, kwa rangi nyekundu, pameandikwa: Usitie mkono ndani ya gando.